Filme "Get Out": onyo la Kiswahili ambalo wengi hawakulisikia

Taa za ukumbi wa sinema zimezimwa. Kwenye skrini, kijana mweusi ametoka kukamatwa usiku katika mtaa mtulivu wa wazungu, akatiwa ndani ya gari. Sasa inaonekana miti ikipita kando ya barabara, na sauti za chini zinaanza kuimba. Asiyejua luga anasikia muziki tu. Anayesema Kiswahili anashituka, kwa sababu sauti hizo zinaongea luga yake.

Hiyo ni "Get Out", filme ya Mmarekani Jordan Peele iliyotoka mwaka 2017. Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", na aliyeutunga ni Michael Abels. Kiswahili chake si kile cha Goma ao Bukavu. Kwetu mtu angesema tu "sikiliza wakubwa". Lakini ujumbe uko wazi: wazee waliotangulia wanamwonya kijana ajiokoe. Mwenyewe hasikii. Sisi tunasikia, na hatuna namna ya kumwambia.

Kijana anayeonywa ni Chris, mpiga picha mweusi, si yule aliyekamatwa mwanzoni. Anayemuigiza ni Daniel Kaluuya, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Uganda. Chris anaenda kumaliza wikendi kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu, Rose. Wanampokea kwa kumkumbatia. Baba anamwambia kwamba angemchagua Obama hata mara ya tatu. Siku ya sherehe, wageni wanamsifu, na mama mmoja anamshika mkono kupima nguvu zake. Hakuna anayemtukana.

Ila kuna vitu ambavyo havikai sawa. Mtumishi wa nyumba, mwanamke mweusi, anatabasamu huku machozi yanamtoka. Mfanyakazi wa bustani anakimbia usiku, moja kwa moja kuelekea Chris. Mama wa Rose, daktari wa magonjwa ya akili, anakoroga chai polepole. Kijiko kinakwaruza kikombe, na Chris anashindwa kusogeza hata kidole. Anazama ndani ya giza, akiona dunia kwa mbali kama televisheni ndogo.

Damu inakuja, lakini karibu na mwisho. Kwa muda mrefu, kinachotisha ni kumuona Chris akijiuliza kama yeye ndiye mwenye kosa. Kila akitaka kulalamika anaona haya: watu wamemkaribisha vizuri, mbona awaharibie siku? Basi anatabasamu na kusema hakuna shida. Nani kati yetu hajafanya vile? Tumelelewa kwamba mgeni hachagui chakula, na wengi tumekaa mahali ambapo moyo ulikataa, juu ya kuogopa kuonekana hatuna adabu.

Kwenye simu, mtu anaweza kusimamisha filme, akajibu ujumbe, kisha akarudi. Ndani ya ukumbi hawezi. Kile kijiko kinasikika toka kila upande. Mwanzoni watu wanacheka, kwa sababu Rod, rafiki wa Chris anayefanya kazi ya usalama kwenye uwanja wa ndege, ni mcheshi. Yeye peke yake anamwambia kwa simu, bila kuzunguka, kwamba nyumba ile si nzuri. Kisha kicheko kinapungua. Kila mtu aliyewahi kuingia katika vibanda vya video vya mitaa yetu anajua kinachofuata: mmoja anashindwa kuvumilia, anapigia skrini kelele, "Toka!" Na hiyo ndiyo maana ya jina la filme.

Kuitengeneza kuligharimu karibu dola milioni 4,5, nayo ikaingiza zaidi ya milioni 250 duniani. Mwaka 2018, Peele alipata tuzo ya Oscar kwa hadithi aliyoiandika mwenyewe, akiwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo.

Filme haisemi kwamba kila mwenyeji mwema anaficha kisu. Inaonyesha tu gharama ya kunyamazisha moyo wako ili watu wasikasirike. Atakayeiona kwa mara ya kwanza aione pamoja na wengine, sauti ikiwa juu, na asiongee wakati ile miti inapita. Onyo liko pale, kwa luga yetu.