Ofisi Moja Ikikataa, Lango Lifungwe

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi ya kupikia lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Nyumba, magari na maduka yaliteketea, mtungi uliorushwa na mlipuko ukawasha ghala la nguo, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yaliletwa mara 3 mwaka 2023, na yote yakakataliwa, hasa kwa sababu watu wanaishi karibu mno. Hata hivyo, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni yake, leseni ambayo NEMA yenyewe ilikuja kukiri kuwa haikustahili kutolewa. Sheria ilikuwepo basi, na kuna ofisi iliyoitumia ipasavyo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuifanya hapana ya ofisi moja izifunge mikono ofisi nyingine zote.

Umbali na makazi ndio kinga kuu, na maumbile ya gesi hii yanaonyesha sababu. Ikiwa kimiminika ndani ya tangi, lita moja tu ikivuja hugeuka takribani lita 250 za gesi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipai ikapotea angani. Hutambaa chini, huingia mitaroni na kujikusanya mabondeni. Ikifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa, cheche ya swichi, jiko au injini inatosha. Harufu kali inayotiwa humo huwaonya walio macho, lakini aliyelala usiku haimsaidii. Mitungi ya kuzima moto na vibao vya kukataza sigara vina kazi yake, ila hakuna hata kimoja kinachoweza kuisogeza nyumba iliyojengwa ukutani mwa kituo.

Wapo wanaosema ukali wa kudai umbali huo utapandisha bei ya gesi na kuwarudisha maskini kwenye makaa. Hoja hii ni nzito, kwani moshi wa makaa nao unaua, tena kimyakimya. Lakini masharti hayalazimiki kuwa sawa kwa wote. Duka lenye mitungi michache ya kilo 6, iliyosimamishwa ndani ya kizimba cha chuma nje penye hewa, halihitaji kubebeshwa mzigo wa kituo kinachopokea malori. Ukali uelekezwe kwenye kujaza na kuhifadhi kwa wingi, maana hatari kubwa iko huko. Wengine husema mara nyingi kituo hutangulia, nyumba zikafuata. Ni kweli hutokea, na ndiyo maana kaunti inayoidhinisha ramani za ujenzi inapaswa kuilinda ardhi inayozunguka kituo kama inavyolinda hifadhi ya barabara.

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya kubwa. Siku ombi linapokataliwa, uamuzi huo ufike kwa kaunti, zimamoto, NEMA na chifu wa eneo, na ubandikwe langoni kwa Kiswahili, pamoja na nambari ya simu ambayo mkazi ataipiga akiona lori likiingia usiku.