Mwenye Kisukari Anapokonda Uzeeni



Katika kliniki ya kisukari, sisi wauguzi husikia mara nyingi ndugu wa mgonjwa wakisema kwa furaha: "Nesi, mama amepungua, dawa zinafanya kazi." Kwa mgonjwa wa miaka 45 aliyeshauriwa kupunguza mwili, furaha hiyo ni ya haki. Lakini kwa bibi wa miaka 74, ambaye hakuna aliyemwambia apungue, maneno hayo hayo hutushtua. Mwezi huu tutazungumzia uzito wa mwenye kisukari na uhusiano wake na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao waganga huuita demenshia.

DEMENSHIA NI NINI?

Kusahau mahali ulipoweka miwani si ugonjwa. Mwenye demenshia huuliza jambo lile lile mara nne kwa saa moja, hupotea katika njia aliyoipita miaka yote, hushindwa kuhesabu chenji, na pengine hubadilika tabia. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si uzee mtupu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hapa kwetu Tanzania, wataalamu waliwapima wazee wa vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 wana ugonjwa huu.

Mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi, takriban mara moja na nusu ya asiye nacho. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya damu. Tumezoea kusikia habari za macho, figo na miguu, lakini ubongo nao hulishwa kwa mishipa hiyo hiyo.

UZITO MMOJA, MAANA MBILI

Watu wengi hudhani shauri la uzito ni moja kwa wote: kukonda ni kuzuri, kunenepa ni kubaya. Sivyo. Umri hubadilisha maana ya uzito.

Tangu mwaka 1985, watafiti wa Uingereza wamewafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 mjini London, wenye kisukari na wasio nacho. Waligundua kuwa aliyekuwa mnene kupita kiasi akiwa na miaka 50 alikuwa katika hatari zaidi ya kupata demenshia baadaye. Lakini wale waliougua walianza kuwa na uzito mdogo kuliko wenzao kiasi cha miaka 8 kabla ugonjwa haujatambuliwa. Kwa maneno mengine, mwili ulianza kupungua kabla ndugu hawajaona kusahau. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

Basi, mzazi wa makamo mwenye kisukari na kitambi apunguze uzito, maana kwa kufanya hivyo anashusha sukari na shinikizo la damu, na anailinda mishipa ya ubongo. Lakini mzee anayekonda bila kukusudia asisifiwe. Aletwe kliniki.

KWA NINI MZEE ANAKONDA?

Sababu ni nyingi. Ubongo unapoanza kudhoofika, mzee hupoteza hamu ya chakula, au hudhani amekwisha kula. Anayeishi peke yake huacha kupika na kunywa chai tupu. Lakini tusiseme upesi kuwa ni demenshia. Huenda sukari imepanda mno na mwili unajila wenyewe. Huenda ni kifua kikuu, ambacho huwapata wenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine. Huenda meno yanauma, au ana huzuni kubwa baada ya kufiwa. Mengi kati ya haya yanatibika.

HATARI ILIYOJIFICHA

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi wodini. Mzee alipewa kipimo cha dawa alipokuwa na kilo 72 na akila milo mitatu. Leo ana kilo 60, anakula mara moja, figo zimechoka, lakini dawa ni zile zile. Dawa kama glibenklamidi na insulini hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Akisahau kuwa amekwisha meza, akameza tena, sukari hushuka hadi anapoteza fahamu.

Ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko California, Marekani, uliwafuatilia wazee zaidi ya 16,000 wenye kisukari aina ya pili. Waliowahi kufikishwa hospitali kwa sababu ya sukari kushuka mno walipata demenshia zaidi ya wenzao, na waliopatwa mara tatu au zaidi, hatari yao ilikaribia kuwa maradufu. Hivyo kusahau huleta sukari kushuka, na sukari kushuka huongeza kusahau. Ndiyo maana mara nyingi daktari hupunguza dawa za mzee, na kukubali sukari yake iwe juu kidogo kuliko ya kijana.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mzee apimwe uzito kila mwezi kwenye zahanati, na kilo ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Aliyekuwa na kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi katika miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, aonwe na daktari.

2. Kama hakuna mizani, tazameni mavazi. Gauni linapwaya, mkanda umetobolewa tundu jipya, pete inachomoka kidoleni.

3. Mtu mmoja nyumbani awe na jukumu la kumpa dawa na kumwona akimeza. Chakula kwanza kiwe tayari.

4. Msimpunguzie chakula mzee aliyekwisha kukonda. Anahitaji maharage, dagaa, mayai na maziwa ili misuli isiishe. Wala msimwachishe dawa bila kuuliza.

5. Akitetemeka, akitoka jasho, au akianza ghafla kusema maneno yasiyoeleweka, mpeni mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, kisha ale. Akiwa amezimia, msimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

6. Wakati wa Kwaresima, mzee anayetumia dawa za kisukari asiache mlo. Sheria ya Kanisa ya kufunga haiwabani wagonjwa, wala waliokwisha kutimiza miaka 59. Yapo matendo mengine ya toba yasiyogusa sahani yake.

7. Ninyi mlio na miaka 40 na 50, jipimeni kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, na mwanamume akizidi 94, aanze kutembea kila siku na kupunguza soda, vyakula vya mafuta na pombe.

Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia demenshia, kisukari na unene vikiwemo, wakakadiria kuwa karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Kwa hiyo, mtakapomleta mzee kliniki, msituletee kadi ya dawa peke yake. Tuleteeni na kilo zake za miezi iliyopita, tuzitazame pamoja.