JE, WAJUA? Mizani haioni msuli

Wachukue wanaume wawili wa kijiji cha Bashay, kila mmoja ana kilo 78 na urefu wa mita 1.70. Wa kwanza hushika jembe la mkono tangu alfajiri, mapaja yamekaza kama gogo. Wa pili hushinda dukani ameketi, na kitambi kimeanza kuvuta vifungo vya shati. Zidisha 1.70 kwa 1.70, kisha gawa kilo kwa jibu hilo: wote wawili wanapata 27. Wote wataambiwa uzito umezidi, maana kiwango cha kawaida ni 18.5 hadi 24.9.

Hesabu hiyo ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika umati, si kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Jina lake la sasa, BMI (body mass index), lilikuja mwaka 1972, kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys.

Hesabu hii inafaa kwa kuanzia. Lakini haitofautishi msuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye hatari: yale ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayochangia zaidi kisukari na shinikizo la damu. Azima utepe wa fundi cherehani, uzungushe kiunoni. Shirika la Afya Duniani linatahadharisha mwanamume akizidi sentimita 94, na mwanamke 80.

Mjamzito asihukumiwe kwa hesabu hii. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ana utepe wake wa kupima utapiamlo, unaozungushwa mkononi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.