NYUMBA YA KWANZA: HESABU HUANZIA MFUKONI

Kumiliki nyumba ni jambo la heshima, na kila mwenye jamaa hutamani siku ya kuachana na kodi ya mwisho wa mwezi. Lakini wengi wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza huanza hesabu mahali pasipofaa. Huitazama nyumba na kuipenda, ndipo watafute fedha za kuilipia. Yafaa hesabu ianzie katika mapato, kisha ifike kwenye bei.

Mshahara wa kuhesabiwa ni ule unaofika mkononi baada ya kodi na makato, si ule ulioandikwa katika barua ya kazi. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba malipo ya nyumba yasizidi theluthi moja ya fedha hizo. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 huruhusu makato yote ya mshahara yafikie theluthi mbili, lakini huo ni mpaka wa mwisho, wala si kipimo cha maisha mema. Karo ya watoto, dawa ya mzee aliyeko mashambani na michango ya mazishi ni mambo ambayo mwenye mshahara mwenyewe ndiye ayajuaye.

Kwa mfano, fikiria karani wa Nakuru anayepokea mkononi shilingi 72,000 kila mwezi. Theluthi yake ni shilingi 24,000. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mkopo wa miaka 15 hulipwa kwa shilingi 12,000 hivi kila mwezi kwa kila milioni moja. Basi karani huyo aweza kukopa milioni 2. Lakini kama tayari hulipa shilingi 6,000 kila mwezi kwa deni la pikipiki, zimebaki 18,000 tu, na mkopo anaoumudu hushuka hadi milioni 1 na nusu.

Gharama zisizotajwa katika bei

Kama karani hana deni jingine, naye ameweka akiba ya shilingi 500,000, asidhani kwamba aweza kununua nyumba ya milioni 2 na nusu. Katika miji ya Kenya, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, na mashambani ni asilimia 2. Kuna pia ada ya wakili, ya mthamini na ya benki. Akinunua nyumba ya shilingi 2,300,000, atatoa 300,000 kama malipo ya kwanza na 92,000 za ushuru. Zitabaki 108,000 za ada hizo, kuhamia, na akiba ya dharura. Hiyo ndiyo nyumba yake. Anayenunua katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu amwulize wakili kama anastahili kusamehewa ushuru.

Riba na muda

Mikopo mingi haina riba isiyobadilika. Riba ya karani ikipanda hadi asilimia 15, malipo yake yatafika karibu shilingi 28,000. Kwa hiyo yampasa ajue mapema zile 4,000 za ziada zitatoka wapi. Wengine hurefusha muda ili wapate nafuu. Mkopo huohuo wa milioni 2 kwa riba ya asilimia 12 ukilipwa kwa miaka 20, malipo ya mwezi hupungua kwa shilingi 2,000 tu, lakini jumla yote huongezeka kwa karibu milioni moja.

Jaribio kabla ya kununua

Liko jaribio lisilo na gharama. Kama karani hulipa kodi ya shilingi 13,000, aweke benki shilingi 11,000 zaidi kila mwezi kwa miezi sita, kana kwamba amekwisha kuanza kulipa mkopo. Karo ikilipwa na chakula kisipungue, basi anaweza, naye atakuwa ameongeza akiba ya shilingi 66,000. Akishindwa, amejua kabla ya kuweka sahihi.

Kushindwa baada ya sahihi ni hasara kubwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopeshaji humpa mdaiwa ilani ya miezi isiyopungua mitatu alipe, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Mwenye kuona kwamba malipo yanamlemea aende benki mapema akaombe mpango mwingine, wala asingoje ilani.

Nyumba ya vyumba viwili inayolipiwa bila wasiwasi ni bora kuliko ya vyumba vinne inayowafukuza watoto shuleni. Chumba cha tatu chaweza kungojea mapato yakiongezeka.