VUMBI LA ASBESTO: KAMPUNI IKIENDA, UGONJWA HUBAKI

Ndugu wafanyakazi,

Kampuni ya Cape ya Uingereza ilichimba asbesto Afrika Kusini kwa miaka mingi, kule Koegas na Penge. Mwaka 1979 iliuza migodi, ikaenda zake. Faida iliondoka nayo. Vumbi lilibaki katika mapafu ya wachimbaji na jamaa zao.

Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, jicho halizioni. Ukizivuta hukaa kifuani miaka 20, 30, hata 40, ndipo pumzi huanza kukatika. Wengine hupata saratani. Mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji, bali waliishi tu karibu na migodi. Hata hivyo uchimbaji uliendelea.

Wagonjwa waliishitaki Cape huko huko London. Kampuni ikataka kesi ipelekwe Afrika Kusini, ambako haikuwa tena na mali. Julai 2000, mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa, kwa kuwa wanyonge hawa wasingepata fedha za mawakili kwao. Mwaka 2001 Cape iliahidi pauni milioni 21, haikulipa. Mwaka 2003 ikatoa milioni 7.5 kwa watu wapatao 7,500. Piga hesabu, ndugu: pauni 1,000 kwa kila kifua. Na wengi walikwisha kufa wakingoja.

Sisi tunajifunza nini? Maghala na nyumba nyingi za zamani za kambi zimeezekwa kwa asbesto. Usiikate kwa msumeno, usiivunje, usifagie vumbi lake likiwa kavu. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi. Nguo za kazi usimpelekee mkeo azifue.

Mkataba Na. 162 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1986, unasema mwajiri ndiye atoe nguo za kazi na kuzifua, aweke mahali pa kuoga, na mfanyakazi apimwe afya bila malipo. Mwulize katibu wa tawi lako kama nchi yenu imeuridhia.

Tena tunza barua ya ajira, kadi ya kazi na karatasi za mshahara. Baada ya miaka 30 msimamizi hatakukumbuka, lakini karatasi itasema ulikuwapo.

Umoja ni nguvu!