Je, Wajua? Adui Akaaye Maji Mamoja na Perege

Msafiri atokaye Ganako, katika wilaya ya Karatu, akateremka Bonde la Ufa hadi Mang'ola, hulikuta Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na kina, ambalo masika hulitandaza na kiangazi hulinywa hata likakaribia kukauka. Na humo huishi perege ambaye wataalamu, tangu mwaka 1905, humwita Oreochromis amphimelas, na ambaye asili yake si kwingineko duniani ila katika maziwa machache ya Tanzania, kama Eyasi, Manyara na Kitangiri.

Je, wajua ya kuwa mito na chemchemi ziteremkazo maziwani, kadhalika mabwawa ya wafugaji, ni makao ya kijidudu kiwezacho kumwua samaki katika muda wa siku chache? Jina lake ni Aeromonas hydrophila, yaani kipendacho maji. Umbo lake ni la kijiti chenye mkia mmoja wa kuogelea, na lau ungevipanga elfu moja kwa mstari, visingefika nusu sentimita. Mwaka 1891 Mtaliana Giuseppe Sanarelli alikieleza baada ya kukipata kwa chura.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Samaki mwenye siha huoga na adui huyu maisha yake yote asidhurike, kwani ute uliomvika mwili ni ngome yake. Walakini ute huo ukichubuliwa na wavu, au hewa ikipungua majini, au kinyesi na mabaki ya chakula yakageuka amonia, ngome hulegea, na hapo kijidudu hupenya, kikamwaga sumu itoboayo chembe hai za mwili na za damu. Ndipo huonekana madoa mekundu ubavuni, vidonda, mapezi yaliyolika, macho yaliyotokeza na tumbo lililojaa maji.

Basi maradhi haya aghalabu ni mtoto wa dhiki. Ziwani dhiki huletwa na ukame, maji yapunguapo na samaki wakasongamana vidimbwini. Bwawani huletwa na mkono wa mwanadamu, ajazaye samaki wengi katika maji machache kwa tamaa ya faida. Mwaka 2019 watafiti wa Tanzania walitangaza kwamba wamezikuta bakteria za jamii hii katika sato wafugwao Nyanda za Juu Kusini na Kaskazini mwa nchi.

Wako wanaokimbilia kumwaga majini dawa za binadamu, ilhali kijidudu hiki kwa tabia yake huishinda ampisilini, na dawa itumiwayo ovyo huzidi kukifundisha ukaidi. Tiba iliyo bora ni hadhari: samaki wasizidi kiasi cha maji, chakula kisibaki, wavu ushikwe kwa upole, wagonjwa watengwe, na wafu wafukiwe mbali na kijito.

Nawe mfugaji wa Karatu, usimwage maji ya bwawa lenye ugonjwa mtoni, wala usiwaachilie samaki wako wakaingia ziwani. Kwani sato akifa bwawani utanunua vifaranga vingine, bali perege wa Eyasi akitoweka, hakuna soko duniani litakalokuuzia mwenziwe.