Viacheni Vyuma vya Kulengea Juu ya Mtutu

Mtu anaporithi bunduki ya kuwindia huku Masukulu, Rungwe, hamu ya kuifanya ya kisasa huja mapema: ving'olewe vile vyuma viwili vya kulengea, cha mbele kwenye ncha ya mtutu na cha nyuma karibu na chemba, kisha ifungwe darubini. Hamu hiyo inaeleweka. Darubini humpa mwenye macho yaliyochoka picha kubwa na alama moja tu ya kuweka juu ya shabaha, ilhali vyuma humtaka apatanishe vitu vitatu kwa jicho moja. Lakini kufunga darubini ni kazi moja na kung'oa vyuma ni nyingine, na hiyo ya pili mara nyingi humpotezea mrithi vingi kuliko inavyompa.

Tuangalie kwanza vyuma hivyo vimeshikizwaje. Katika bunduki nyingi za mtindo wa Mauser wa 1898, msingi wa chuma cha nyuma umelehemiwa juu ya mtutu, na kile cha mbele kimesukumwa kwa ubavu ndani ya mfereji uliochongwa. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, joto ambalo mtutu hulistahimili bila madhara. Moto wa gesi wa kuchomelea mageti, hata hivyo, hupita nyuzi 3,000, na fundi asiye na kipimo anaweza kuuvusha mtutu mpaka wake kwa muda mfupi sana. Chuma cha mtutu kilikazwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Kikipashwa kupita hapo hulainika, tena karibu na chemba, ambapo msukumo wa baruti ni mkali kuliko kwingine kote. Hata kazi ikienda vizuri, hubaki mfereji mtupu, pengine matundu ya skrubu, na doa lililopoteza ile rangi nyeusi inayozuia kutu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Doa la namna hiyo halikawii kuliwa.

Mvua na ukungu wa Rungwe ndiyo hoja yangu kubwa zaidi. Kioo hushika mvuke, mpira wa kuziba darubini ya zamani huchakaa, na kuteleza mara moja kwenye mteremko kunatosha kuisogeza mahali pake. Hapo mwenye kibali anayemfuatilia nguruwe pori aliyeharibu mahindi hana kitu kingine cha kulengea ikiwa mtutu ni mtupu. Tena porini huku mnyama huonekana karibu. Darubini ya kukuza mara nne huonyesha upana wa mita tatu hivi ukiwa umbali wa mita 30, na anayekimbia hutoka humo upesi.

Wapo wanaosema vyuma vya zamani havipigi sawa. Huenda, ila dawa yake ni kuvirekebisha. Kama nafasi kati ya chuma cha mbele na cha nyuma ni sentimita 60, kosa la milimita moja hupeleka risasi pembeni kwa sentimita 17 hivi kwenye mita 100. Fundi akikisogeza cha nyuma kidogo kuelekea upande unaotaka risasi iende, tatizo limekwisha. Wengine husema bunduki ni yao na hiari ni yao. Kisheria, bado. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni hutolewa kwa jina la mtu, na kifo hakimhamishii mrithi. Anapaswa kutoa taarifa polisi na kuomba leseni yake mwenyewe kabla ya kuifikiria karakana yoyote.

Kuna pia kumbukumbu ya familia, nami naithamini sana. Namba zilizochongwa kwenye chuma cha nyuma husaidia kujua bunduki ilitengenezewa nani: za Kiingereza kwa kawaida huhesabu yadi, za Kijerumani mita, na ile ya kijeshi ya Gewehr 98 ilianza na vipimo vya mita 200 hadi 2,000. Kombania ya 5 ya jeshi la Kijerumani ilikaa Masoko, jirani na hapa, kabla ya Waingereza kuitwaa Tukuyu, wakati huo Neu Langenburg, mwaka 1916. Katika eneo lenye historia hiyo, kuzisaga namba ni kufuta ushahidi usioandikwa kwingine.

Pingamizi lenye uzito ni moja: chuma cha nyuma kikiwa kirefu, huizuia darubini kukaa chini karibu na mtutu, na mpigaji hulazimika kuinua shavu kutoka kwenye kitako. Vingine hukunjwa, na hapo hakuna cha kung'oa. Kisipokunjwa, fundi mwenye leseni ajaribu vikamatio vya darubini virefu kidogo. Vikishindikana, afungue kipande cha juu cha chuma cha nyuma kwa skrubu yake, bila moto wala tupa, aache msingi palepale, na kipande hicho kihifadhiwe pamoja na karatasi za bunduki.